Jina la Arobaini na Moja

Nikiwa na mimba ya miezi saba nilichapa orodha ya wafanyakazi arobaini na mmoja waliotakiwa kuachishwa kazi katika shirika letu, na jina la ishirini na sita lilikuwa la mume wangu. Orodha ilipotoka mikononi mwangu ilikuwa na majina arobaini. Sijawahi kumweleza mtu yeyote jambo hili, hata Elia mwenyewe, ambaye tumelala kitanda kimoja kwa zaidi ya miaka thelathini, na kama si simu niliyopigiwa mwezi uliopita kutoka Farkwa huenda ningelinyamazia mpaka mwisho.

Aliyepiga alikuwa mtoto wa kwanza wa Sofia, aliyekuwa jirani yetu zamani. Mama amefariki, alisema, maziko ni keshokutwa, na ukoo umekubaliana kwamba wasifu wa marehemu niuandike mimi, kwa kuwa nilifanya naye kazi, na kwa kuwa nilikuwa karani na najua kupanga maneno. Nilikaa mezani na daftari. Kuzaliwa, ubatizo, shule mpaka darasa la saba, watoto wawili. Nikafika kwenye kazi, nikaandika kwamba aliajiriwa kama mpishi wa kantini ya karakana, Kizota, Dodoma, mpaka alipopunguzwa kazini. Sentensi hiyo ni ya kweli yote, na ndiyo shida yake. Ilisomwa kanisani vilevile nilivyoiandika, na katekista aliyeisoma hakutua hata kupumua alipofika hapo. Mimi nilikuwa benchi la tatu, karibu na Elia, na nilitazama viatu vyangu.

Mwaka huo ninaouzungumzia, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kizota, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye ua mmoja, mwendo wa dakika tano kutoka geti la karakana. Chumba cha kulala kilimezwa chote na kitanda, mlango ukawa haufunguki mpaka mwisho. Kile kingine tulikiita sebule. Kilikuwa na viti viwili vya mbao, meza, jiko la mafuta ya taa na pipa la maji. Upepo ulipoanza mwezi wa saba vumbi liliingia pale ambapo ukuta na bati havikukutana, na kila niliporudi kazini niliweza kuandika jina langu kwa kidole juu ya meza niliyoifuta asubuhi. Upande wa pili wa ua alikaa Sofia na watoto wake. Alinizidi miaka kama kumi, na baba wa wale watoto alikwisha kwenda zake siku nyingi, habari ambayo Sofia aliimaliza kwa maneno mawili: “Alichoka mlenda.” Kantini alipika chai na maandazi ya saa nne, ugali na maharage ya saa saba, na jioni alipika tena kwake, akanivushia bakuli. Mama yake alipomtembelea walizungumza lugha yao ya Kisandawe, yenye vidoko, zile sauti za kupigisha ulimi kinywani, na niliweza kukaa nao saa nzima nisiambulie chochote ila jina langu, ambalo lilipita katikati ya vidoko vile kama mgeni aliyekosea nyumba.

Tumbo lilinichagulia chakula bila kuniuliza. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilinitoa nje. Nyama sikuweza hata kuitazama. Kilichonishuka kilikuwa ugali wa uwele wa Sofia na mlenda wake wa kukausha, ile mboga yenye utelezi, chakula ambacho mwaka wangu wa kwanza Dodoma nilikila kwa adabu tu, na sasa nilikisubiri kwa kusikiliza kama mwiko wake umeanza kugonga sufuria. Mfukoni mwa gauni nilikuwa na udongo wa kula, vipande vya kijivu vilivyonunuliwa sokoni, na ofisini niliumung'unya huku nimeinamia droo nikijifanya natafuta karatasi. Mama yangu aliandika kutoka Songea barua tatu zenye neno lilelile: mimba ya kwanza huja kujifungulia kwao, wewe umekwama na nini huko? Nilimjibu kwamba likizo haijapitishwa, na ilikuwa kweli. Sikumwambia kwamba sikutaka kuwa mbali na ofisi wakati ule. Mtu aliyeondoka wakati ule angerudi akute meza yake haipo.

Elia hakuwa na hofu hiyo. Alikuwa mkerezaji, fundi wa ile mashine inayozungusha chuma na kukichonga, na alikuwa na imani na mashine yake kama watu wengine wanavyoiamini nyumba ya urithi. Jioni moja alikuja ameshika vyuma vinne vya mabaki, akavilaza uani, akaanza kuvipima kwa kamba. Sofia alikuwa anapepeta uwele mlangoni kwake.

“Elia, unatengeneza nini hapo?”

“Kitanda.”

“Cha nani?”

“Cha mwanangu.”

“Yuko wapi huyo mwanao nimwamkie?”

“Yuko njiani, dada.”

“Aliye njiani hatandikiwi kitanda. Anaombewa.”

Elia akacheka, akasema, “Wewe pika mlenda, dada Sofia, chuma niachie mimi.” Lakini Sofia hakucheka. Aliweka ungo chini akaja akasimama mbele ya vile vyuma, akamwambia kwamba kwao, na anaamini hata kwa mama yangu, nguo ya mtoto hainunuliwi wala kitu chake hakiwekwi ndani kabla hajalia. Nilikubaliana naye, maana hata kwetu ni hivyo. Nepi nilizokuwa nazo zilikuwa bado ni khanga nzima zisizokatwa. Elia alivichukua vyuma vyake akavirudisha karakana. Aliendelea kukiunga huko kitanda kwa siri, kipande kwa kipande, na sote tulijua.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya mjini, ambayo nilipohamia Dodoma yalikuwa na rafu tupu na mwenye duka anayesinzia, sasa yalijaa sabuni za kila rangi, dawa ya meno, redio, na mitumba ilimwagwa chini juu ya maturubai watu wakiichagua kwa miguu. Na wakati uleule mashirika yaliyotuajiri yalianza kupumua kwa shida. Watu walizungumza habari hizo mbili kama vile hazijuani; kwangu mimi zilipita zote kwenye meza moja, barua ya kuruhusu uagizaji wa vipuri asubuhi, na mchana barua ya kusimamisha ajira mpya. Neno lililotembea karakana lilikuwa redandansi, yaani kupunguzwa kazini. Mafundi watatu wanne walikuwa na desturi ya kupita kwetu baada ya kazi, wakakalia mawe ya uani wakinywa chai ya Sofia, na mimi nikiwa ndani nimelala ubavu niliwasikia kupitia dirishani kana kwamba wamo chumbani.

“Wataanza na stoo,” alisema mmoja. “Pale kuna watu sita wanalinda misumari.”

“Wataanza na wazee.”

“Wataanza na wasio na mtu ofisini.”

“Basi Elia hana shida,” akasema yule wa kwanza, akapaza sauti ili nisikie. “Shemeji, uko macho? Hatutaki majina. Tupe herufi ya kwanza tu.”

“Msimsumbue mama kijacho,” Sofia alisema.

“Mimi mwenyewe nalala ubavuni mwake na hajanipa hata nukta,” Elia akasema, na wote wakacheka. “Amekula kiapo huyu. Mimba nayo imekula kiapo.” Kisha akasema lile ambalo lilikuja kunirudia siku nyingi: “Wakereza chuma wapo wangapi pale? Mmoja. Wanaweza kumtoa meneja, mimi hawawezi.”

Nilikuwa karani mchapaji katika ofisi ya utumishi, jengo la shirika la mjini, na ni kweli nilikuwa nimeapa kutunza siri, mkono juu ya Biblia, mbele ya Afisa Utumishi mwenyewe. Tulimwita Mzee Mdoe. Alikuwa mtu mpole, wa kalamu ya wino wa buluu na sweta hata mwezi wa kumi, anayekunja karatasi mara nne kabla ya kuitupa. Siku ya orodha aliufunga mlango, jambo asilofanya kamwe, akaniwekea karatasi tatu za mwandiko wake na kusema, “Mama, hii ni ya stensili. Ukimaliza unaniletea, tunailinganisha na rasimu, halafu rasimu unaichoma. Asiingie mtu.” Nikafanya kama ninavyofanya siku zote: nikaisoma rasimu yote mara moja kabla ya kugusa mashine. Majina yalipangwa kwa idara. Uhasibu, masijala, stoo, ulinzi, karakana. Chini ya karakana, namba ishirini na sita, niliona jina la Elia na cheo chake, Mkerezaji Daraja la Pili, kwa wino wa buluu, mwandiko mzuri, bila kusitasita mahali popote. Nilichofanya kwanza kilikuwa kutazama kama nimeusoma mstari wa jirani. Nikaweka rula chini yake. Ulikuwa ndio huo.

Vijana wa leo hawajaiona stensili, kwa hiyo nieleze. Ilikuwa karatasi laini yenye nta. Unaondoa utepe wa wino, na herufi za mashine zinatoboa ile nta, halafu karatasi inafungwa kwenye mashine ya kudurufu na wino unapita kwenye matundu. Maana yake ni kwamba unapochapa huoni unachochapa. Unaona kivuli tu. Unaijua kazi yako kwa kuinyanyua stensili dirishani baadaye. Kinachokulinda ni rula unayoishusha mstari mmoja mmoja kwenye rasimu, na mwaka ule tumbo lilikuwa limenisukuma mbali na meza, rasimu nimeiegemeza kwenye faili upande wa kushoto na mkono unaifikia kwa shida. Nilichapa uhasibu, masijala, stoo, ulinzi, namba nikiziweka mwenyewe kwa kuhesabu. Nilipofika karakana mtoto alijipindua, kwa nguvu, kama mtu anayehama upande kitandani, nikashika ubavu kwa mkono ule wa rula. Kisha nikaendelea. Niliposimama dirishani na stensili, mstari wa mwisho ulikuwa namba arobaini.

Kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba rula iliteleza, na sina ushahidi kwamba haikuteleza. Nimeirudia dakika ile mara nyingi mno hata sasa siiamini tena kumbukumbu yangu. Nikiisogelea naona kila mara kitu tofauti, mara mkono umekwenda wenyewe, mara nimeupeleka. Lakini ninalokumbuka bila ukungu ni kilichofuata. Chupa ya dawa nyekundu ya kufutia makosa ilikuwa karibu na kiwiko changu. Karatasi mpya za stensili zilikuwa kabatini. Kurudia kazi ile kungenichukua nusu saa. Badala yake nilizikunja zile karatasi tatu za rasimu, nikaenda nyuma ya jengo kwenye debe la kuchomea takataka, nikawasha kiberiti, kabla stensili haijalinganishwa na chochote. Nilimpelekea Mzee Mdoe stensili peke yake. “Rasimu?” aliuliza. “Nimekwisha ichoma, mzee.” Alinitazama kidogo, akasema, “Haraka hiyo ya nini?” akaweka sahihi. Huko kwenye debe hakuna rula iliyoteleza.

Nakala zilikwenda Dar es Salaam, makao makuu. Kwa siku tisa nilipika, nilifua, nilikwenda kliniki nikapimwa nikaambiwa shinikizo la damu limepanda na nipunguze mawazo. Siku ya kumi Mzee Mdoe aliniita akafunga tena mlango. Barua ya kusindikiza ilisema arobaini na moja, orodha ilisema arobaini, na kule mtu alikuwa amekaa akahesabu.

“Mmoja hayupo,” alisema. “Wewe ulichapa. Nani hayupo?”

“Sikumbuki, mzee.”

“Jaribu.”

Nilijifanya najaribu. Nakumbuka nilitazama kalenda iliyokuwa nyuma ya kichwa chake, picha ya ng'ombe wa maziwa, na nikahesabu madoa yake.

“Majina yalikuwa mengi, mzee. Na mimi nilikuwa sijisikii vizuri siku ile.”

“Naona.” Macho yake yalishuka mpaka tumboni kwangu yakakaa hapo, si kwa ubaya. “Haya. Nenda. Nitamkumbuka mwenyewe.”

Orodha ile aliiandika yeye kwa mkono wake, na mfanyakazi aliyekuwa na mke katika ofisi yake alikuwa mmoja tu. Inawezekanaje mtu asahau jina hilo? Nimejiuliza kama alilisahau kweli, au kama alinipa nafasi ya kusema na nilipokataa akanipa nafasi ya pili kwa namna nyingine. Alistaafu akaenda kwao Upareni na akafia huko, na sikumwuliza.

Siku mbili baadaye alinipa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. “Stensili ya zamani ipo kabatini. Ongeza hili chini.” Nilikifungua nikiwa nimekwisha kaa. Lilikuwa jina la Sofia, Mpishi, Kantini.

Nataka nieleze sawasawa nilivyokuwa, maana hapa ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Mlango wa Mzee Mdoe ulikuwa hatua sita kutoka kwenye kiti changu. Ningeweza kusimama na kusema, mzee, nimekumbuka. Nilifikiri vyumba viwili, kodi ya nyumba iliyotegemea mshahara wa Elia na wangu kwa pamoja, mtoto anayekuja. Nikafikiri pia watoto wa Sofia ambao wakati ule walikuwa shuleni na ambao jana yake nilikuwa nimewasaidia hesabu. Niliyafikiri yote mawili. Sikuwa kipofu wala sikuchanganyikiwa. Kisha nikaingiza stensili kwenye mashine. Stensili iliyokwisha kutoka hairudi kukaa ilivyokaa. Hata ukiisawazisha vipi, mstari mpya huinama kidogo. Nikachapa namba arobaini na moja.

Zilipita wiki tatu kabla ya barua. Jioni Sofia alinikalisha kwenye kigoda, akaiweka miguu yangu iliyovimba juu ya paja lake na kuikanda kwa mafuta ya alizeti, akinigombeza. “Unakonda juu, unanenepa chini. Unawaza nini wewe?” Nilisema nawaza uchungu. “Uchungu hauwazwi. Ukija umekuja.” Alinihesabia wiki kwa mafundo kwenye uzi. Alinifundisha jinsi ya kukaa, jinsi ya kuinuka, na kwamba nisipite juu ya kamba ya mbuzi, na nilimuuliza kwa nini, akasema hajui, lakini kama haigharimu kitu kuizunguka, izunguke. Bakuli la mlenda liliendelea kuvuka ua. Nilitaka kulikataa, na siku moja nilisema sina njaa, alisimama nalo mlangoni, akasema, “Wewe huna njaa, mwenzako je?” Nikala. Nilikula kila jioni. Elia alikuwa na furaha ambayo ilinikera hata nikamfokea kwa sababu ya kijiko, akaenda uani akamwambia Sofia kwa sauti ya chini, nami nasikia, “Huyu ana nini?” na Sofia akamjibu, “Ana mtoto, basi. Mvumilie. Wengine walikuwa na mimba hawakuwa na wa kumfokea.”

Barua zilitolewa siku ya Ijumaa, karakana, baada ya chai. Sikuwepo, nilikuwa mjini nimekaa mbele ya mashine ambayo sikuwa na cha kuichapia. Niliyoyajua niliyajua kwa Elia. Alisema waliitwa mmoja mmoja ofisini kwa mkuu wa karakana, na orodha ikabandikwa ubaoni, na yule fundi wa herufi ya kwanza alikuwemo, akakaa chini palepale sakafuni akavua viatu vya kazi kama mtu aliyefika nyumbani. Sofia aliitwa wa mwisho. Alikuwa ameteleka maharage. Alipotoka na bahasha yake alirudi kantini, akayaonja, akaongeza chumvi, akagawa chakula cha saa saba kwa kila mtu, waliobaki na walioachishwa, akaosha masufuria yote, akayapanga, ndipo akavua aproni. “Sikuelewa,” Elia alisema. “Kantini haikuwa na maneno. Wote tulijua stoo itakatwa, ulinzi utakatwa. Kantini kuna mtu mmoja. Nani atapika?” Kisha akanishika mkono, akaubana mpaka vidole vikaniuma; kumbe na yeye alikuwa na hofu muda wote ule. “Lakini sisi tumepona, Neema. Mungu ametuona.” Karakana iliuzwa miaka miwili baadaye na Elia akatoka na wote waliobaki. Miaka miwili ndiyo niliyotupatia.

Jioni ile Sofia hakuvusha bakuli, na nilikuwa nimekaa nikilisubiri, hilo nalo nalikiri. Nilivuka mimi. Alikuwa anakunja nguo za watoto. “Nitarudi Farkwa mwisho wa mwezi ujao,” alisema, “shule zikifungwa. Shamba la mama lipo.” Nikasema pole. “Asante. Nitaondoka ukishajifungua. Siwezi kukuacha na Elia. Huyo atakufunga bolti.”

Uchungu ulinianza asubuhi ya siku ya kazi, kwenye saa tatu. Elia alikuwa kwenye mashine yake. Sofia alikuwa uani anafua, kwa sababu hakuwa tena na mahali pa kwenda asubuhi. Hakuuliza maswali, alijifuta mikono, akachukua khanga zangu zote pamoja na mbili za kwake, akaenda gereji ya jirani akarudi na pikapu na mwenye nayo, akamwambia aendeshe kana kwamba amebeba mayai. Hospitalini muuguzi alinipima akasema, “Bado. Wa kwanza huyo, hana haraka. Kaeni hapo.” Tukakaa kwenye benchi la mbao kwenye veranda, jua likituchoma magotini, Sofia akinisugua kiuno kwa ngumi kila maumivu yalipokuja na kunipepea kwa khanga yalipokwenda.

Safari moja yalipotulia alisema, “Neema.”

Hakuwa na kawaida ya kuniita kwa jina. Siku zote nilikuwa mama kijacho, au mdogo wangu.

“Abee, dada.”

“Ile karatasi ya ubaoni niliisoma. Wenzangu wote wamepangwa kwa idara zao. Mimi niko chini kabisa, peke yangu, na mstari umekwenda upande kama kiraka. Ulichapa wewe?”

“Nilichapa mimi.”

“Basi niliongezwa.” Alikuwa anatazama mbele, kwenye ua wa hospitali, ambako mtu alikuwa anafagia majani. Sauti yake haikubadilika. Ilikuwa ileile ya kuuliza kama chumvi imetosha. “Niliwekwa mahali pa nani?”

Uchungu ulikuja. Ni kweli ulikuja, na ulikuwa mkubwa kuliko yote yaliyotangulia, na muuguzi aliniona akaja akanishika mkono wa pili tukaingia ndani. Lakini haukuja mara moja. Baada ya swali na kabla ya uchungu palikuwa na nafasi, fupi, inayotosha jina la silabi tatu.

Mtoto alizaliwa alasiri, wa kike. Kesho yake Sofia alikuja na uji kwenye chupa ya chai, akanimiminia, akasubiri mpaka nikamaliza. Kisha akamchukua mtoto, akamfungua khanga usoni, akasogea naye kwenye mwanga wa dirisha na kumtazama kwa muda mrefu, paji, pua, kidevu.

“Amefanana na baba yake,” alisema, akanirudishia.

Alihamia Farkwa mwisho wa mwezi. Kila mwaka baada ya mavuno alitutumia mfuko wa mlenda mkavu, alikuja kwenye kipaimara cha mtoto, alikuja kwenye harusi yake, alilala nyumbani kwetu si chini ya mara kumi, na tulikaa wawili jikoni saa nyingi bila mtu wa tatu. Lile swali hakulirudia. Sijui kama ni kwa sababu alikuwa amelisahau, au amelisamehe, au alikuwa amekwisha pata jibu pale dirishani, na sasa hakuna wa kumwuliza.